Gitaa kavu halingoji mafuta ya jenereta

BARAKA, Fizi – Saa moja ya jioni inapofika katika mji wa Baraka, jenereta zinaanza kuunguruma. Kila baa inafungulia bafle zake. Kila kanisa lenye mkesha nalo linafungulia zake. Katikati ya kelele hiyo, kijana aliyekaa chini ya mwembe na gitaa lisilo na waya anaulizwa swali moja karibu kila siku: "Wewe, utapiga lini muziki wa kweli?"

Swali hilo linaonekana kama mzaha, lakini lina madhara. Linawafundisha vijana wa Fizi kwamba muziki unaanzia kwenye umeme, na kwamba asiye na umeme hana muziki. Kwa familia zilizoteremka kutoka Bibokoboko na milima ya jirani bila hata godoro, maana yake ni kwamba hazina haki ya wimbo mpaka mtu mwingine anunue mafuta. Huo ni uongo, na inafaa mtu auseme wazi kuwa ni uongo.

Gitaa kavu ni chombo cha watu waliokimbia. Mtu mmoja analibeba mgongoni. Halitaki mafuta, halitaki betri, halitaki fundi wa kuunganisha nyaya. Mji ambamo nyumba nyingi hazina umeme wa SNEL, na watu wanalipa franka kuchaji simu kwenye kibanda chenye paneli ya jua, ulipaswa kuwa mji mkuu wa gitaa kavu. Badala yake, gitaa hilo linachekwa, na wanaolicheka wana hoja tatu ambazo zimerudiwa mpaka zikafanana na ukweli.

Hoja ya kwanza inasema gitaa kavu ni la zamani, ni la maskini, na msanii wa kweli ni yule mwenye bendi na bafle. Wanaosema hivyo wamesahau historia ya nchi yao wenyewe. Kongo hii ni mmoja wa walimu wakubwa wa gitaa kavu katika Afrika Mashariki yote. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, kijana anayeitwa Jean-Bosco Mwenda. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Alirekodi wimbo wake "Masanga" akiwa peke yake: hakuna bendi, hakuna ngoma, hakuna mpiga besi.

Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilishika nyuzi nene na kutembeza besi. Kidole cha shahada kilicheza wimbo juu kwenye nyuzi nyembamba. Anayesikiliza kwa mara ya kwanza anaapa kwamba wanaopiga ni watu wawili. Sahani zake zilifika Nairobi, naye mwenyewe akafika huko nyuma yake, na wapiga gitaa wa Kenya wakakaa chini kujifunza. Magharibi ya Kenya George Mukabi alijulikana kwa mtindo wake wa omutibo, gitaa kavu likisindikizwa na chupa tupu ya Fanta inayogongwa kushika mwendo. Wasomi wa Ulaya walisikiliza sahani za Mwenda tena na tena ili waandike kwa noti namna vidole vyake vinavyotembea. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Na aliimba lugha gani? Kiswahili, lugha ya migodi ya Katanga, mahali ambapo watu wa makabila mengi walichanganyika na kutafuta namna ya kusikilizana. Mtu huyo ndiye anayeitwa leo "wa zamani". Kijana wa Baraka anaweza kutaja majina ya wanamuziki kumi wa Kinshasa na viatu wanavyovaa, lakini jina la Mwenda wa Bayeke halijui. Kosa hilo si la kijana. Ni la waliokuwa na redio mkononi na hawakumwambia.

Hoja ya pili inahusu bossa nova. Kuna vijana hapa ambao, kupitia kadi memori na simu, wamekutana na muziki huo wa Brazil wakaupenda. Wanajaribu kuupiga. Wazee na wenzao wanawaambia: "Huo ni muziki wa Wazungu matajiri, wa hoteli na wa ndege. Una nini na mtoto wa Fizi?"

Anayesema hivyo aende kanisani kwake Jumapili inayofuata, aangalie ile piano ndogo ya umeme inayosindikiza kwaya. Piano nyingi za aina hiyo zina orodha ya midundo iliyowekwa tayari kiwandani, na mara nyingi mmoja wao umeandikwa "Bossa Nova". Kwaya ngapi zimeimba tenzi za polepole juu ya mdundo huo kwa miaka, bila mtu kuuliza umetoka wapi? Muziki huo umekwisha kuingia, umekaa kwenye benchi la mbele, na hakuna aliyeufukuza.

Umetoka wapi basi? Bossa nova ilizaliwa Rio de Janeiro mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni kweli kwamba wengi walioianzisha walikuwa watu wa shule, wakaaji wa mitaa mizuri ya pwani. Antônio Carlos Jobim alitunga sauti, Vinicius de Moraes aliandika maneno, na mwaka 1958 João Gilberto alirekodi "Chega de Saudade" kwa gitaa lake. Mwaka 1962 wapiga jazi wawili wa Marekani, Stan Getz na saksafoni yake na Charlie Byrd na gitaa lake kavu, walitoa sahani ya "Jazz Samba", na Marekani nzima ikaanza kusikiliza. Mwaka 1965 sahani ambayo Getz alirekodi pamoja na João Gilberto ilipata tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Hadi hapo wenye hoja wanaweza kusema: si mnaona? Ni mambo ya wenye pesa.

Lakini bossa nova imejengwa juu ya samba, na samba haikuletwa Brazil na Wareno. Ni kazi ya watu weusi wa Brazil, wajukuu wa watumwa. Gati la Valongo, huko Rio, liliwekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2017 kwa sababu hapo walishushwa mamia ya maelfu ya Waafrika waliouzwa. Wengi wa waliofika Rio walipakiwa kwenye pwani za Kongo na Angola. Walifukuzwa makwao kwa nguvu, wakapitishwa baharini bila kitu mkononi, wakabaki na ngoma iliyokuwa kichwani. Ngoma hiyo ndiyo iliyozaa samba.

Sasa mtu asikilize mkono wa João Gilberto. Kidole gumba kinatembea polepole kwenye nyuzi nene, kama ngoma kubwa ya samba. Vidole vingine vinavuta nyuzi nyembamba kwa pamoja, mara vikitangulia kidogo, mara vikichelewa kidogo, kama ngoma ndogo inayojibizana na ile kubwa. Kikundi kizima cha ngoma kimeingizwa ndani ya mkono mmoja. Anayemjua Mwenda atashtuka, maana kazi ni ileile: gumba chini, vidole juu, mtu mmoja anafanya kazi ya wengi. Akordi ni tofauti, nyuzi ni tofauti, maana Wabrazil wanatumia nyuzi za nailoni na Mwenda alitumia za chuma. Hata hivyo mtoto wa Fizi anayependa bossa nova hakupotea njia. Amesikia sauti ya ndugu aliyechukuliwa zamani, imerudi na nguo nyingine.

Kuna sababu nyingine inayowavuta vijana kwa muziki huo, nayo ni ya maana zaidi kwa watu wa hapa. Bossa nova haipigi kelele. João Gilberto aliimba kama mtu anayeongea na aliyekaa karibu naye. Inasimuliwa kwamba katikati ya miaka ya 1950, akiwa hana kazi, alikwenda kuishi kwa dada yake katika mji wa Diamantina, akawa anajifungia bafuni miezi mingi na gitaa lake, akitafuta namna ya kuimba kwa sauti ndogo bila kupoteza hata neno moja. Alipotoka huko, muziki wa nchi yake ulibadilika.

Sauti ndogo nayo si kitu kigeni katika eneo hili. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kule Burundi, kuna wazee wanaopiga inanga huku wakinong'ona. Hawaimbi kwa nguvu, kwa sababu nyuzi za inanga ni za upole na sauti kubwa ya mdomo ingezifunika. Msikilizaji analazimika kusogea. Bashi nao, katika jimbo hili hili la Kivu Kusini, wana lulanga yao. Kabla ya bafle ya kwanza kufika Uvira au Baraka, watu wa milima na watu wa ziwa walijua kwamba wimbo unaweza kusemwa sikioni.

Na nani anahitaji sauti ndogo kuliko watu waliokimbia bunduki? Mnamo Oktoba 2021 mashambulizi ya Bibokoboko yalifukuza familia nyingi, na baadhi ziliteremka hadi Baraka. Si wao tu. Watu wa makabila mbalimbali wamekimbia milima ya Fizi kwa nyakati tofauti, kila mmoja na usiku wake anaoukumbuka. Mtoto aliyekimbia risasi usiku anashtuka hata embe likidondoka kwenye bati. Mtoto huyo huyo analazwa kwenye kartie ambayo bafle zinagombana hadi saa nne. Watu wazima wanaita hiyo furaha. Furaha ya nani?

Hakuna anayesema ndombolo ipigwe marufuku. Watu wanataka kucheza, na wana haki ya kucheza. Arusi bila ngoma ya nguvu si arusi. Kinachokataliwa ni ule mpango wa kuwapa watu kelele asubuhi, mchana na jioni, kisha kusema ndicho wanachopenda. Mtu hawezi kupenda chakula ambacho hajawahi kuwekewa mezani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na haifai kuichezea. Inasema: "Mhami wa vita anahitaji unga, dawa na usalama. Gitaa ni anasa." Ni kweli kwamba gitaa halipikwi. Wimbo haurudishi ng'ombe walioibwa, haujengi upya nyumba iliyochomwa, wala haufungui barabara. Anayewaambia wahami waimbe ili wasahau haki zao anawadanganya. Wanaodai usalama wa kurudi Bibokoboko waendelee kudai, na wakubwa wa serikali wasije wakajificha nyuma ya tamasha lolote.

Lakini nani alisema mtu aliyepoteza nyumba amebaki tumbo peke yake? Mwaka 1928, karibu na Paris, moto uliunguza gari la kukokotwa lililokuwa nyumba ya kijana wa miaka 18 anayeitwa Django Reinhardt. Yeye alikuwa wa Wamanouche, watu wa kuhamahama ambao Ulaya iliwadharau na kuwasukuma huku na kule. Moto ulimharibu mkono wa kushoto, vidole viwili vikakunjika, na ikaonekana kazi ya gitaa imekwisha. Inasimuliwa kwamba ndugu yake alimletea gitaa palepale kitandani hospitalini. Hakuambiwa apone kwanza, atafute nyumba kwanza, ndipo apige. Alijifunza upya kwa vidole viwili vilivyobaki vizima, na mwaka 1934 akawa katika kundi lililoitwa Quintette du Hot Club de France: magitaa matatu, fidla na besi kubwa, basi. Bila ngoma na bila tarumbeta walipiga jazi iliyosikika duniani kote. Vita vilipofika, watu wa kabila lake waliwindwa na kuuawa; mwaka 1943 yeye mwenyewe alijaribu kukimbilia Uswisi na akarudishwa.

Hapa Baraka watoto wameelewa jambo hilo kabla ya watu wazima. Mkebe wa mafuta ya kula ukishaisha, wanauchukua, wanaupigilia kipande cha ubao kuwa shingo, wanafumua waya wa breki ya baiskeli na kutengeneza nyuzi. Gitaa limepatikana. Halina akordi nzuri, lakini mtoto anakaa nalo saa nzima bila kupigana na mtu. Kisha mkubwa fulani anapita na kusema: "Toa takataka hiyo." Hapo ndipo mtoto anafundishwa kwamba alichotengeneza kwa mikono yake si kitu, na kwamba kilicho na thamani ni kile kinachotoka mbali na kina waya.

Lawama hii igawanywe vizuri, kila mtu apate fungu lake. Wasimamizi wa redio za Fizi wanasema hawana nyimbo za gitaa kavu. Wametafuta wapi? Kurekodi mtu mmoja na gitaa lake kunahitaji simu moja yenye chaji na chumba chenye utulivu. Bendi nzima haiwezi kurekodiwa hivyo. Gitaa kavu linaweza. Redio ambayo nayo inahesabu lita za mafuta kila siku inadharau muziki pekee inaoweza kuurekodi bila gharama.

Wakuu wa makanisa nao wanajua kinachotokea mafuta yakiisha: mazoezi ya kwaya yanavunjika, vijana wanarudi nyumbani. Gitaa kavu moja lingeendesha mazoezi wiki nzima. Wanaosema gitaa ni la wahuni wajibu basi kwa nini lile la umeme limesimama madhabahuni. Je, uhuni unatolewa na waya?

Mashirika yanayohudumia watoto waliokimbia yanaleta mipira na ngoma, na yanastahili shukrani. Waulize pia kuhusu nyuzi. Si lazima yalete magitaa mengi; magitaa mabovu yapo kwenye nyumba kadhaa, yamening'inizwa ukutani kwa sababu uzi umekatika na mwingine haupatikani. Hewa ya ziwa inaleta kutu kwenye nyuzi za chuma. Seti chache za nyuzi zingefufua magitaa yaliyokufa, na mzee mmoja anayejua kupiga angepata kazi ya kufundisha.

Wazazi nao wasijifiche. Kijana akishika gitaa, wa kwanza kumwita mvivu mara nyingi ni baba yake. Baba huyo huyo, kama alikuwa mkimbizi Nyarugusu kule Tanzania, anakumbuka vizuri jinsi nyimbo zilivyosaidia kupitisha jioni ndefu za kambi.

Tahadhari moja inabaki. Gitaa kavu halina malaika ndani yake. Linaweza kubeba tusi kama linavyobeba sala, na katika eneo hili ambalo kabila limegeuzwa silaha, wimbo wa kuchochea ukiimbwa kwa sauti tamu ni hatari kuliko ule wa kelele. Kwa hiyo redio isikilize maneno kabla ya kurusha, kwa lugha zote zinazosemwa hapa: Kibembe, Kinyamulenge, Kifuliiru, Kinyindu na Kiswahili. Wimbo unaomtukana jirani usipite, hata kama vidole vya mpigaji ni vya ajabu.

Ombi lenyewe ni dogo. Nusu saa kwa juma, kwenye kila redio ya Baraka na Fizi, kwa gitaa kavu na vyombo vya upole: nyimbo za Mwenda, bossa nova, inanga kama yuko mzee anayeijua, na vijana wa hapa hapa, wenyeji na wahami, wakipiga zamu kwa zamu. Isiwe usiku wa manane; iwe jioni, familia zikiwa zimekaa kula bugali na ndagala. Baada ya miezi mitatu wasikilizaji waulizwe. Wakisema hawataki, kipindi kifungwe na mjadala uishe.

Wasimamizi wa redio wakitaka kujua pa kuanzia, si mbali. Wangoje hadi mafuta yaishe na bafle zinyamaze. Mji ukitulia, mawimbi ya ziwa yanaanza kusikika, na chini ya mwembe yule kijana aliyechekwa jioni bado anapiga. Waende saa hiyo, na simu yenye chaji.